Kenyatta: Maradhi yaliyonong'onwa Nakuru

MIONGONI mwa makao yote ya Rais, Mzee Jomo Kenyatta aliipenda mno Ikulu ya Nakuru. Huko alipokea wajumbe na kutumbuizwa na wacheza ngoma. Mjini humo ndiko pia, mnamo Agosti 12, 1963, alikowahakikishia walowezi Wazungu wa Bonde la Ufa kuwa hawatafukuzwa.

Mwenyeji huyo wa Gatundu, aliyezaliwa miaka ya 1890, alikamatwa Oktoba 1952 na hakuachiliwa hadi Agosti 1961. Alipokuwa Rais, Desemba 12, 1964, umri ulikuwa umekwenda. Mnamo 1966 na 1968 alipatwa na kiharusi, na moyo nao ukamsumbua. Wananchi hawakuelezwa. Bunge ndilo lililotoa ishara: mwaka huo wa 1968 Katiba ilirekebishwa ili kiti kikibaki wazi, Makamu wa Rais akishikilie kwa siku 90.

Siku hizo ndizo zilizozua kizaazaa Septemba 26, 1976. Kihika Kimani, Njoroge Mungai na wenzao walifanya mkutano Nakuru wakitaka kifungu hicho kibadilishwe, kusudi Daniel arap Moi asipate kurithi. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, alionya kwamba kuwazia kifo cha Rais ni kosa la kunyongwa. Kisheria onyo lilihusu njama. Wengi, na si ajabu, walielewa kuwa hata afya ya Mzee haisemwi.

Ajabu ni kwamba miaka hiyo hiyo tiba ya moyo ilikuwa ikigeuka. Madaktari walikuwa wamefunzwa kutompa mwenye moyo dhaifu dawa za beta bloka, kwani hupunguza nguvu ya mapigo. Kisha mnamo 1975 Finn Waagstein na wenzake wa Göteborg, Uswidi, wakaeleza habari za wagonjwa saba wenye msuli wa moyo uliotanuka na kulegea, ambao walipata nafuu kwa dawa hizo. Siri yake ni muda. Moyo uliochoka huchapwa na adrenalini kama punda aliyezidiwa na mzigo. Dawa huzuia fimbo hiyo, na baada ya miezi kadhaa moyo hupungua upana na kusukuma damu vizuri zaidi. Huanzwa kwa dozi ndogo, wala haikatizwi ghafla. Wengi walisita kukubali hadi 1999, majaribio mawili makubwa yalipoonyesha vifo vikipungua kwa takriban thuluthi moja.

Kwa Mzee, hayo yalikuwa mbali. Agosti 21, 1978 alihudhuria shughuli Msambweni, na usiku wa kuamkia Agosti 22 akafariki katika Ikulu ya Mombasa. Simu ilimfikia Moi nyumbani kwake Kabarak, nje kidogo ya Nakuru. Alishika barabara ya Nairobi, akaapishwa siku hiyo hiyo, na zile siku 90 zikaanza kuhesabiwa.