Mboya alivyowajengea wafanyakazi hifadhi, mkulima wa Nyacheki akabaki nje

HAYATI Tom Mboya anakumbukwa zaidi kwa ndege zilizowapeleka vijana Marekani kusoma na kwa risasi zilizokatiza maisha yake. Sehemu nyingine ya kazi yake haitajwi sana: mchango wake katika kuamua ni Mkenya yupi angelindwa na serikali dhidi ya umaskini na ni yupi angeachiwa jamaa zake.

Alizaliwa Agosti 15, 1930, karibu na Ol Donyo Sabuk, katika shamba la mkonge la mlowezi ambako babake, Leonardus Ndiege, alikuwa akifanya kazi. Asili ya familia hiyo ilikuwa kisiwa cha Rusinga. Kwa miongo mingi ya ukoloni kisiwa hicho kilitawaliwa kutoka boma la Kisii, lililotawala pia vilima vya Bobasi, ilipo Nyacheki.

Alisoma Kabaa, Yala na kisha Mang'u. Karo iliposhindikana, aliacha masomo na mwaka 1948 akajiunga na chuo cha wakaguzi wa afya. Baadaye aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Inasimuliwa kwamba siku moja mwanamke mzungu aliingia maabarani, akamtazama, kisha akauliza iwapo hapakuwa na mtu.

Kazi hiyo ilimwezesha kuona jinsi Mwafrika alivyoishi mjini. Mishahara ilikadiriwa kana kwamba kila kibarua ni kapera. Mkewe, watoto na wazazi wake walidhaniwa kulishwa na shamba la nyumbani, na yeye mwenyewe akizeeka au kuugua, alitarajiwa kurudi huko. Kwa kifupi, serikali ya kikoloni ilijivua mzigo wa wazee na wagonjwa na kuwatwisha wanawake wa mashambani. Familia za Kisii, ambazo wanaume wao walikwenda kuchuma majani chai Kericho, ziliujua vyema mpango huo, ijapokuwa hakuna aliyewahi kuulizwa maoni yake.

Mwaka 1953 Mboya alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akiwa na umri wa miaka 23 tu. Chama cha KAU kilipopigwa marufuku mwaka huo, shirikisho hilo lilibaki miongoni mwa sauti chache halali za Waafrika. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilikiri kwamba mshahara unapaswa kutosha mtu na familia yake. Mwaka uliofuata, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya aliwatetea mbele ya wapatanishi na wakapata nyongeza ya takriban theluthi moja.

Baada ya masomo ya Ruskin College, Oxford, alichaguliwa mwaka 1957 kuwakilisha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria. Akiwa Waziri wa Leba, mwaka 1962 alisimamia mkataba wa uhusiano kati ya waajiri, vyama na serikali. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini ulikuwa wa mtu mwenye ajira.

Mtihani halisi ulikuja baada ya uhuru. Mwaka 1965, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, Mboya aliwasilisha waraka wa serikali nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo ulisifu desturi ya jamii kutunzana. Hata hivyo, uliweka ukuaji wa uchumi mbele. Huduma za ustawi hazikupaswa kuuhatarisha. Fedha za maendeleo nazo zielekezwe pale zitakapozalisha zaidi.

Hoja hiyo haikukosa busara. Nchi changa isiyo na fedha haingeweza kuwagawia wote. Lakini ni vigumu kutoona kwamba aliyepinga dhana ya kikoloni ya shamba kuwa bima ya maskini sasa aliikubali kwa jina jingine.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya NSSF, na mwaka 1966 ikafuata ya NHIF. Katika NSSF mwajiri na mwajiriwa walichanga, na mchangiaji akalipwa akiba yake kwa mkupuo alipostaafu. Aliyekuwa Kericho kwa ajira rasmi aliweza kurudi Bobasi na kitu mkononi. Jirani yake aliyelima mahindi na pareto maisha yake yote, au mjane aliyebaki na shamba linalogawanywa upya kila wana wanapooa, hakuwa na mwajiri wa kumchangia.

Mboya hakupata nafasi ya kuutazama upya mpango wake. Jumamosi, Julai 5, 1969, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga alihukumiwa kwa mauaji hayo, na Mboya akazikwa Rusinga.

Msaada wa fedha kwa mayatima ulianza kwa majaribio mwaka 2004, na wa wazee ukafuata miaka michache baadaye. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, iliitaka serikali kuwapa hifadhi wasioweza kujikimu. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulifunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa Sh2,000 kwa mwezi, ingawa malipo yamekuwa yakichelewa mara kwa mara. Kitambulisho ndicho kinachothibitisha umri, na mzee ambaye karani alimkadiria mwaka wa kuzaliwa huenda akaonekana kijana kwenye karatasi.

Mkulima wa Nyacheki aliyezaliwa mwaka mmoja na Mboya, kama alikuwa hai mlango huo ulipofunguliwa, alikuwa anafikisha miaka 88.