Ahmad bin Maajid: Mwalimu wa Bahari Aliyeishi na Nyota

Bismillaahir-Rahmaanir-Rahiym. Sifa njema zote ni za Allaah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Swahaba zake wote.

Ndugu zangu katika Imani, karibu kila familia ina mtoto mmoja ambaye maswali hayamwishi. Anaifungua redio kuangalia kilichomo ndani. Anashinda pwani akihesabu kaa. Anazijua nyota kwa majina kuliko anavyowajua wachezaji wa mpira. Wenzake skuli humwita kipanga kwa kumkejeli, na baadhi yetu wazee humwambia aache upuuzi, ashike la maana. Wengine huogopa kuwa mapenzi hayo ya sayansi yatamtoa katika dini. Kwa ajili ya mtoto huyo na wazazi wake, tuyatazame maisha ya Ahmad bin Maajid.

Alizaliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 15 huko Julfar, mji wa bandari uliokuwa pale ilipo leo Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu. Babu yake alikuwa mwalimu wa bahari, na baba yake vilevile. Wakati ule neno mu'allim chomboni lilikuwa cheo cha anayejua njia: nahodha anasimamia chombo na mali, mu'allim anasoma nyota, upepo na rangi ya maji. Baba yake aliitwa pia rubbaan, na neno hilo sisi tunalo hadi leo: rubani, anayeendesha ndege.

Baba huyo alitunga shairi refu, lenye beti zaidi ya 1,000, kuhusu njia za Bahari ya Sham, bahari ya hatari kwa miamba yake. Ahmad alilisoma, akasafiri katika njia hizo hizo, akalinganisha kila neno na alichokiona kwa macho yake. Palipokuwa na kosa alisahihisha, na palipopungua aliongeza. Hakuona kuwa kumheshimu baba ni kuliacha kosa lake liwazamishe watu. Vivyo hivyo aliwapima walimu watatu mashuhuri wa bahari waliomtangulia kwa karne kadhaa. Aliwapa heshima yao, lakini hakuficha kuwa wao walikusanya habari zaidi kuliko kuzijaribu. Kwake yeye, kipimo kilikuwa safari.

Tazameni jinsi alivyofanya kazi. Alishika kibao kidogo kilichotobolewa katikati na kutiwa kamba yenye mafundo. Fundo huumwa kwa meno, ukingo wa chini wa kibao hulinganishwa na upeo wa bahari, na wa juu na nyota. Urefu wa nyota ulihesabiwa kwa vidole, kila kidole kikiwa zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Kwa kibao hicho alijua chombo kimefika wapi kati ya kaskazini na kusini. Dira aliigawa sehemu 32, na nyingi katika hizo ziliitwa kwa majina ya nyota na mahali zinapochomoza au kuchwea.

Chombo kinapoteremka kuja kwetu, Nyota ya Kaskazini huzidi kuinama kila usiku mpaka ikazama chini ya upeo. Anayeitegemea nyota hiyo peke yake hupotea. Ibn Maajid alifundisha kuhamia kwenye nyota mbili za Farqadaan, na hizo zikishuka mno, kwenye nyota za Na'sh. Alilijua vyema jambo hili, kwani miongoni mwa mashairi yake limo moja maarufu, as-Sufaaliyyah, linaloelezea njia ya kutoka India hadi pwani yetu, kupitia miji kama Kilwa hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo.

Aliandika kazi zaidi ya 30, nyingi kwa mashairi, ili baharia asiye na karatasi aweze kuzihifadhi kichwani kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi masomo yake. Mwaka 866 Hijria (1462) alikamilisha shairi lake kubwa la misingi ya elimu ya bahari. Karibu na mwaka 895 Hijria (1490) alimaliza kitabu chake mashuhuri, Kitaabul-Fawaaid, chenye faida 12: asili ya elimu hii, vituo 28 vya mwezi, dira, pepo za misimu, pwani na visiwa. Alifariki mnamo mwaka 1500 au baada yake kidogo.

Baada ya kufa kwake alizuliwa jambo zito. Vasco da Gama alipoondoka Malindi Aprili 1498 alipata mwalimu wa bahari aliyemfikisha Calicut mwezi Mei. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwandishi wa Makkah, Qutbud-Diyn an-Nahrawaaliy, aliandika kuwa mwalimu huyo ni Ibn Maajid, na kwamba alileweshwa kwanza. Habari hiyo ikaenea vitabuni na hata madarasani. Lakini Wareno walioandika juu ya safari ile walimtaja mwalimu huyo kuwa mtu wa Gujarat, na watafiti wengi wa leo hawaikubali kauli ya an-Nahrawaaliy. Sisi tuliofundishwa kuuliza sanad tusingepaswa kuibeba tuhuma kama hiyo dhidi ya Muislamu bila kuichunguza. Kuchunguza huko nako ni elimu ile ile aliyoishi nayo Ibn Maajid.

Je, elimu hii ilikuwa ya dunia tu? Ibn Maajid alitunga pia shairi la kuelezea Qiblah katika nchi mbalimbali. Na Allaah katika Suuratul-An'aam, Aayah ya 97, ametubainishia kuwa nyota zimewekwa ili tuongoke kwazo katika viza vya bara na vya bahari. Bara imetajwa pamoja na bahari. Basi tuchukue mfano wa bara.

Makkah na visiwa vyetu viko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, ndiyo maana Unguja tunaelekea kaskazini, karibu kaskazini kamili. Sasa familia ya Unguja ihamie Ulemo, wilaya ya Iramba, mkoani Singida, ambako bahari iko mbali sana. Ulemo iko magharibi zaidi, hivyo Qiblah yake inainama kuelekea mashariki kwa zaidi kidogo ya digrii 10 kutoka kaskazini. Wanachuoni wengi wamesema kwa aliye mbali na Ka'bah upande unatosha, lakini kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shaafi'iy ni kujitahidi kuielekea Ka'bah yenyewe. Nani atawapimia watu wa Ulemo mihrabu yao? Ni yule mtoto wa nyota na hesabu, kama tutakuwa hatujamvunja moyo.

Tutenganishe mambo mawili. Kupiga falaki kwa kutabiri bahati za watu ni haramu. Kuzijua nyota kwa ajili ya njia, nyakati na misimu ni elimu yenye manufaa. Tusimzuie mtoto na la pili kwa kuogopa la kwanza. Hapa petu, Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi mkubwa aliyefariki mwaka 1925, aliwahi kuwa nahodha kabla ya ukadhi, na bahari haikumpunguzia dini yake.

Basi mtoto akiuliza kwa nini Nyota ya Kaskazini haionekani kwetu, usimnyamazishe. Toka naye nje usiku, mwonyeshe unalolijua, na usilolijua mtafutie mwalimu. Mfundishe pia aseme Subhaanallaah anapotazama juu, ili mapenzi yake ya elimu yawe ibada.

Tunamuomba Allaah awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na amrehemu Ahmad bin Maajid na walimu wetu wote. Aamiyn.

Wallaahu a'lam.