Haile Selassie: Mfalme aliyeifungulia Injili mawimbi ya redio

KATIKA miaka ya 1960, mkazi wa Katangi, wilayani Machakos wakati huo, aliyekuwa na redio ya betri yenye mawimbi mafupi, aliweza kunasa mahubiri na mafunzo kwa Kiswahili kutoka Addis Ababa, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000.

Kituo hicho, Redio Sauti ya Injili, kilipata uhai kwa idhini ya mtu mmoja: Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia.

Alizaliwa Julai 23, 1892, huko Ejersa Goro, karibu na Harar, akaitwa Tafari Makonnen. Babake, Ras Makonnen, alikuwa gavana wa Harar. Alitawazwa kuwa mfalme Novemba 2, 1930.

Nguvu ya redio aliijua mapema. Septemba 1935, majeshi ya Mussolini yakijiandaa mpakani, alihutubia Wamarekani redioni kuhusu hatari iliyoikabili nchi yake. Alisikika, lakini hakuokolewa. Waitalia walivamia Oktoba 3, na mwaka uliofuata akakimbilia Bath, Uingereza. Alirejea Addis Ababa Mei 5, 1941.

Mwishoni mwa 1959 alilipa Shirikisho la Kilutheri Duniani kibali cha kujenga kituo hicho. Haukuwa uamuzi mwepesi. Mfalme alikuwa mlinzi wa Kanisa la Orthodoksi, ambalo mwaka huo huo lilipata patriaki wake wa kwanza. Walutheri walikuwa wachache nchini mwake. Hata hivyo, kituo kilitakiwa kuyafungulia mlango makanisa mengine, na mahubiri yalichukua takriban asilimia 30 tu ya vipindi. Muda uliosalia ulikuwa wa habari, elimu na maendeleo.

Mfalme mwenyewe alikizindua Februari 26, 1963, kikiwa na mitambo miwili ya kilowati 100 kila mmoja, iliyofika Afrika na Asia. Vipindi vya Kiswahili vilirekodiwa katika studio ya Sauti ya Injili mjini Moshi, Tanganyika, kisha kanda zikasafirishwa hadi Addis Ababa kurushwa hewani. Naam, sauti ya jirani ilizunguka Ethiopia kabla ya kumfikia msikilizaji wa Ukambani!

Miezi mitatu baadaye, viongozi wa Afrika walikutana katika jiji hilo hilo kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU. Juni 1964, mfalme alizuru Kenya.

Lakini kibali cha mfalme kilikuwa pia kamba. Kituo kilichoishi kwa hisani yake hakingetarajiwa kumkosoa. Njaa ilipoua watu kwa maelfu mkoani Wollo, aliyeushtua ulimwengu Oktoba 1973 alikuwa mwanahabari wa Uingereza, Jonathan Dimbleby, kwa filamu yake ya televisheni.

Septemba 12, 1974, wanajeshi walimpindua, wakamwondoa ikulu kwa gari dogo aina ya Volkswagen. Alifariki Agosti 27, 1975, akiwa kizuizini. Serikali ilisema ni maradhi. Miaka mingi baadaye, waendesha mashtaka wa Ethiopia walidai alinyongwa.

Kituo alichokiruhusu kiliishi muda mfupi baada yake. Machi 12, 1977, wanajeshi walikitwaa na kukigeuza kuwa sauti ya mapinduzi.

Mabaki ya mfalme yalifukuliwa ikulu mwaka wa 1992, yakazikwa katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, Addis Ababa, Novemba 5, 2000.