Beryl Markham na ule mkono mdogo wa mafuta

Siku ukipanda SGR kwenda Mombasa, ukikaribia Kibwezi weka simu chini kidogo uangalie dirisha la kushoto. Ule mwinuko mrefu uliolala kama ukuta ni Yatta. Hapo ulipo ni Makueni; ukivuka mto Athi uko Kitui. Miaka ya 1930, juu ya vichaka hivyo alizunguka mwanamke kwenye kindege cha injini moja, bila redio, akitafuta ndovu.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto wa miaka kama minne. Alikulia Njoro, akicheza na watoto wa Kinandi na kuongea Kiswahili. Alifundisha farasi wa mashindano, kisha Tom Campbell Black akamfunza kuruka. Kufikia 1933 alikuwa na leseni ya kulipwa kwa kazi hiyo, na kuipata haikuwa mchezo: ilibidi ujue kusafisha kabureta na kubadilisha plagi mwenyewe.

Kwa nini kabureta? Umewahi kuona bodaboda inayotoa moshi mweusi na kukohoa ikipanda mlima? Fundi atakwambia inakunywa mafuta mengi kuliko hewa. Ndege nayo ni hivyo hivyo. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15, na ukipaa inazidi kupungua. Usipopunguza petroli, plagi zinajaa masizi, nguvu inashuka, tangi linaisha mapema. Kwa hiyo rubani anavuta kimkono cha mchanganyiko polepole, sikio likiwa kwenye injini. Ikianza kutetemeka, anarudisha kidogo hadi itulie. Akivuta kupita kiasi, silinda zinachemka, na hapo ni kuomba Mungu. Akishuka, lazima arudishe petroli, la sivyo injini inakufa kwa njaa.

Sasa hebu fikiria kazi yenyewe. Bror Blixen aliwapeleka matajiri kuwinda ndovu wenye pembe kubwa. Beryl aliwatafuta kutoka juu, akaandika mahali walipo na kudondosha ujumbe kambini ndani ya kimfuko. Chini, Makula, Mkamba hodari wa kusoma nyayo, aliwaongoza wawindaji. Tusidanganyane: ilikuwa kazi ya kuua ndovu, na hainifurahishi. Ilikuwa hatari pia kwa rubani. Denys Finch Hatton, aliyekuwa na wazo hilo kabla yake, alianguka na kufa Voi mwaka 1931.

Halafu mvua ikaja. Blixen na mgeni wake, Winston Guest, wakakwama kati ya mito iliyofurika, mmojawao Tiva wa Kitui. Beryl akatua kwenye kiwanja kifupi kilichofyekwa porini. Kutua ni jambo moja. Kuondoka na abiria, kwenye joto, miti ikikungoja mbele, ni jambo lingine kabisa. Huko ni chini sana kuliko Nairobi, hewa ni nzito, injini inataka petroli yake yote. Rubani akisahau kimkono pale alipokiacha akiwa juu, hana nafasi ya kurekebisha. Walitoka wazima.

Jioni ya Septemba 4, 1936, aliondoka Abingdon, Uingereza, kuelekea New York. Baada ya saa 21 na zaidi, barafu ikaziba matundu ya kupitishia hewa kwenye tangi. Petroli ilikuwepo lakini haikufika kwenye injini. Akaangukia tope la kisiwa cha Cape Breton, Kanada, damu ikimtoka kichwani, akiwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Wiki mbili baadaye Campbell Black, mwalimu wake, aliuawa Liverpool ndege nyingine ilipogonga yake uwanjani.

Beryl mwenyewe alirudi Kenya, akarudia farasi wake, akafia Nairobi Agosti 1986.