Satchel Paige: bingwa aliyefungiwa mlango miaka 22

Wahenga wetu walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami nausadiki msemo huo, ila kila niyakumbukapo maisha ya marehemu Satchel Paige wa Marekani, naona kuwa hata chema chaweza kukaa sokoni siku nyingi ikiwa wenye soko wamekataa kukitazama.

Mchezo wake ulikuwa besiboli, ambao Wamarekani wanaupenda kama sisi tuipendavyo kandanda. Humo mrushaji husimama umbali wa mita 18 hivi, akamvurumishia mpira mpigaji aliyeshika gongo. Kazi yake ni kumkosesha mpigaji huyo, na aijuaye kazi hiyo barabara huweza kuiokoa timu nzima.

Paige alizaliwa tarehe 7 Julai 1906 mjini Mobile, jimbo la Alabama, akaitwa Leroy. Kwao kulikuwa na ufukara, hata akiwa mtoto akabeba mizigo ya abiria katika stesheni ya gari la moshi. Huko ndiko alikopata lakabu ya Satchel, yaani Mkoba. Mwaka wa 1918 alipelekwa katika shule ya kurekebisha watoto kwa makosa ya udokozi na utoro. Alikaa huko miaka mitano na zaidi, na ndiko alikofunzwa kurusha mpira.

Mwaka wa 1926 alianza kulipwa kwa kucheza, katika timu ya watu weusi ya Chattanooga. Nyakati hizo ligi kuu zilikuwa za Wazungu watupu. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Palikuwa na mapatano ya kimyakimya baina ya wenye timu, nao weusi wakaunda ligi zao wenyewe. Paige alichezea Birmingham, Pittsburgh na Kansas City, akavuka hata Jamhuri ya Dominika na Mexico kutafuta riziki. Mabingwa wa Kizungu kama Dizzy Dean na Joe DiMaggio walipambana naye katika mechi za kirafiki, wakakiri uhodari wake. Mechi zikiisha, wao walirudi katika ligi kuu, naye akarudi njiani.

Mwaka wa 1947 mlango ulifunguliwa, lakini aliyeitwa kwanza alikuwa kijana Jackie Robinson. Jambo hilo lilimuuma Paige. Zamu yake ilifika tarehe 7 Julai 1948, siku aliyotimiza miaka 42, alipoandikishwa na Bill Veeck, mwenye timu ya Cleveland. Wako waliosema kuwa ni mzaha wa kuvutia watazamaji. Yeye akawajibu uwanjani: alishinda michezo sita, akashindwa mmoja. Tarehe 20 Agosti watu 78,382 walikuja Cleveland kumtazama. Mwaka huo huo timu yake ikatwaa ubingwa, naye akawa mtu mweusi wa kwanza kurusha mpira katika fainali hizo.

Baada ya msimu wa 1949 aliachwa. Akachezea St. Louis Browns tangu 1951 hadi 1953, na mwaka wa 1965, akiwa na miaka 59, Kansas City walimpa mchezo mmoja dhidi ya Boston. Katika vipindi vitatu ni mpigaji mmoja tu aliyeupiga mpira wake sawasawa.

Jumla ya misimu hiyo ni ushindi 28 na kushindwa 31. Azisomaye tarakimu hizo bila kujua kisa atamdhania mchezaji wa kadiri. Mimi nasema hizo ni tarakimu za mzee aliyekwisha kutumia mkono wake kwengine.

Mwaka wa 1971 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa huko Cooperstown. Hapo kwanza palikuwa na shauri la kuwatengea weusi mahali pao mbali. Watu wakalalamika, likaachwa. Alifariki Kansas City tarehe 8 Juni 1982. Desemba 2020, miaka 38 baadaye, wakuu wa mchezo walitangaza kuwa ligi za weusi za tangu 1920 hadi 1948 nazo zilikuwa ligi kuu, na mwaka wa 2024 hesabu zao zikaunganishwa.

Ni haki, nami naipokea. Lakini hesabu haziwezi kumrudishia mtu ujana wake. Basi, ndugu msomaji, ukiambiwa kuwa Paige alicheza na Wazungu misimu michache tu, uliza kwanza ufunguo ulikuwa mkononi mwa nani.