Grace Hopper: Mathe wa Jeshi la Majini Aliyefunza Kompyuta Maneno

Kama umewahi kuchekwa juu unaburuta vibloku vya rangi kwa Scratch badala ya kuandika programu "ya ukweli", kuna mathe unafaa kumjua.

Grace Hopper alizaliwa New York, 1906. Akiwa mtoto alifungua saa ya kengele ajue inafanyaje kazi, ikamshinda kurudisha, akafungua ingine. Zilifika saba. Kufika 1934 alikuwa na PhD ya hesabu kutoka Yale.

Vita ya Pili ikamvuta kwa jeshi la majini, na 1944 akapelekwa Harvard kwa Mark I, kompyuta ya urefu wa futi 51. Hakukuwa na YouTube, manze. Alijifunza akiishika, halafu akaambiwa aandike kitabu cha kuielezea. Akaandika.

Hizo siku kompyuta ulikuwa unaipigia stori kwa nambari tu. Baadaye Grace alizoea hesabu ya mfumo wa nane, ile ukiongeza 1 kwa 7 unaandika 10, mpaka hesabu zake za benki zikagoma. Kumbe alikuwa anatoa pesa kimashine!

Lakini alijua si kila mtu yuko hivyo. Kuna wasee wa alama na kuna wasee wa maneno, na karani wa mishahara ni wa maneno. Kwa nini mashine isimfuate? 1952 akatoa A-0, programu ya kuunganisha vipande vya programu. Wakampuuza, ati kompyuta ni ya kuhesabu tu. Akaleta FLOW-MATIC, ya maneno ya Kiingereza, na hiyo ikachangia sana COBOL ya 1959, ambayo bado inasukuma kazi kwa mabenki.

Hapa ndipo hunimaliza: alionyesha mabosi programu hiyo hiyo kwa Kifaransa na Kijerumani. Kwa mashine ni sawa tu, neno ni alama. Mabosi wakaruka. Kompyuta ya Philadelphia ielewe Kifaransa? Zii. Ikabidi awahakikishie ni Kiingereza pekee. Labda leo ungekuwa unaandika "kama" na "rudia".

Alistaafu 1986 akiwa admirali wa miaka 79. Akifunza, aligawa vipande vya waya vya karibu sentimita 30, ndio uone mwanga unafika wapi kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Yaani huyo bingwa wa maneno, akitaka umshike, alikupatia kitu cha mkononi.

Alifariki 1 Januari 1992.