Alexander Mackay, fundi wa chuma wa Nateete

Nateete ya leo, magharibi mwa Kampala kwenye barabara ya kuelekea Masaka, ni mahali pa soko, pa teksi na pa mafundi wa vyuma. Zaidi ya miaka 140 iliyopita, kabla gari lolote halijaonekana Uganda, hapo ndipo lilipowaka tanuri la Alexander Mackay, mhandisi Mskoti aliyekuja kama mmisionari. Ufundi ulimfungulia malango ya ikulu ya Kabaka, lakini haukutosha kuwaokoa wanafunzi wake.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Aberdeenshire, akiwa mwana wa mchungaji. Alisomea ualimu na uhandisi mjini Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani, ambako alichora mitambo katika kiwanda cha Berlin. Mwishoni mwa 1875, gazeti moja la London lilichapisha barua ya msafiri Henry Morton Stanley iliyosema kwamba Kabaka Muteesa wa Kwanza wa Buganda alitaka walimu. Shirika la Church Missionary Society likaandaa msafara wa watu wanane. Mackay, aliyekuwa na umri wa miaka 26, ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Safari ilikuwa ndefu. Maradhi yalimrudisha pwani, naye mwaka 1877 akasimamia ujenzi wa barabara ya takribani kilomita 370 kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Desemba mwaka huo, wenzake wawili waliuawa Ukerewe. Mwaka uliofuata, mashua ya msafara iitwayo Daisy ilivunjika katika pwani ya magharibi ya ziwa Nyanza. Mackay na mwenzake waliikata, wakaondoa sehemu ya kati, wakaunganisha omo na tezi, na kuviziba vilivyovunjika kwa mbao za sehemu ile waliyoiondoa. Kazi hiyo ilichukua wiki nane. Novemba 1878 akafika Buganda.

Huko Nateete alijenga karakana yenye tanuri, fuawe na mashine ya kukereza. Waganda walikuwa na wahunzi wao hodari tangu zamani, lakini gurudumu la mkokoteni na pampu ya kuvuta maji kisimani vilikuwa vitu vipya kwao. Wakampa jina la Mzungu wa Kazi. Lugha nayo haikuwa kikwazo: wafanyabiashara wa kutoka Zanzibar walikuwa wamekwisha kukileta Kiswahili ikuluni, hivyo mazungumzo ya kwanza na Kabaka yalikuwa kwa Kiswahili, na Injili aliyoisoma mbele yake ilikuwa ya Kiswahili. Baadaye akajifunza Kiganda, akakitafsiria maandiko na kuyachapa kwa mtambo wake mwenyewe.

Mwaka 1882, mama yake Kabaka, Namasole Muganzirwazza, alifariki dunia, na Muteesa akamwagiza Mackay atengeneze jeneza litakalostahili heshima yake. Yalitengenezwa matatu, moja ndani ya jingine, na la ndani kabisa lilikuwa la shaba. Kwa kuwa mabamba ya shaba hayakupatikana, masinia na vyombo vya shaba vya ikulu vilikatwa na kunyooshwa kwa nyundo. Zama hizo hapakuwa na umeme wala gesi ya kuchomelea: mabamba yalipandishwa kingo, yakatobolewa, kisha yakashikizwa kwa ribiti.

Hata hivyo, Kabaka alichokitamani zaidi kwa wageni ni bunduki na baruti, si mafundisho. Muteesa alipofariki Oktoba 1884, kiti kilichukuliwa na mwanawe Mwanga, aliyewaogopa wageni na wote walioambatana nao. Tarehe 31 Januari 1885, vijana watatu wa misheni, Yusufu Lugalama, Marko Kakumba na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa moto Busega, karibu na Nateete. Mackay aliomba waachiliwe, asisikilizwe. Tarehe 3 Juni 1886, miongoni mwa waliochomwa Namugongo alikuwamo Nuwa Walukagga, mhunzi wa Kabaka mwenyewe. Yeye pia alikuwa mtu wa nyundo na fuawe, lakini cheo hicho hakikumkinga.

Mackay alibakizwa. Mwenzake Robert Ashe aliruhusiwa kuondoka mwaka 1886, lakini yeye Kabaka alimhitaji kwa kazi za mikono yake. Ufundi ulikuwa umemlinda, na sasa ukawa kifungo chake. Hatimaye, Julai 1887, alifukuzwa, akavuka ziwa hadi Usambiro, katika Tanzania ya leo.

Huko akafungua karakana nyingine. Stanley alipopita hapo mwaka 1889 alikuta wahunzi wakitengeneza boila ya mashua ya mvuke, ambayo Mackay alikusudia kuiteremsha ziwani. Hakuimaliza. Alifariki dunia kwa homa ya malaria tarehe 8 Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40, bila kurudi kwao hata mara moja tangu alipoondoka mwaka 1876.

Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, kwenye kilima cha kanisa kuu, si mbali na Nateete. Shule ya sekondari ya Nateete ina jina lake hadi leo. Na Busega, mahali walipochomwa vijana wale watatu, pana kumbukumbu yao.